Miaka Miwili ya Mildred Montag

Hadi katikati ya karne iliyopita, msichana wa Kimarekani aliyetaka kuwa muuguzi alifungasha sanduku lake, akahamia kwenye bweni la hospitali na kukaa humo miaka mitatu. Alfajiri yuko wadini: anatandika vitanda, anaogesha wagonjwa, anasafisha vyombo, anapeleka chakula. Darasa lilisubiri kazi ipungue, na mara nyingi somo la jioni lilimkuta ametoka zamu, macho mazito. Katika shule nyingi, kuolewa kulimaanisha kuacha masomo.

Utaratibu huo ulianza mwaka 1873, zilipofunguliwa shule tatu za uuguzi, New York, New Haven na Boston, kwa kufuata mawazo ya Florence Nightingale. Lakini Nightingale alitaka shule iwe na fedha zake yenyewe. Hospitali za Marekani zilikwenda njia nyingine: ziligundua kwamba mwanafunzi ni mfanyakazi wa bei rahisi, na zikafungua shule kwa mamia. Mwanafunzi aliwekwa pale wadi ilipopungukiwa mikono, hata kama hakuwa na jipya la kujifunza hapo. Mwaka 1948 mtafiti Esther Lucile Brown alichapisha ripoti iliyotaka elimu ya uuguzi itoke mikononi mwa hospitali na kukabidhiwa vyuo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba mafunzo yenyewe yanaweza kufupishwa. Sheria ya mwaka 1943 iliunda kikosi cha wanafunzi wa uuguzi waliosomeshwa kwa fedha za serikali, na mafunzo yakafupishwa hadi miezi 30. Zaidi ya wauguzi 100,000 walihitimu kwa njia hiyo. Amani iliporudi, hospitali mpya zilijengwa, watoto wakazaliwa kwa wingi, na wauguzi hawakutosha.

Hapo ndipo alipoingia Mildred Montag, mwalimu wa uuguzi aliyezaliwa Iowa mwaka 1908. Katika utafiti wake wa udaktari, uliochapishwa mwaka 1951, alipendekeza mafunzo ya miaka miwili katika vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vilivyokuwa vikichipuka mijini na wilayani, karibu na makazi ya watu. Mhitimu angepata shahada ndogo ya uuguzi. Montag alimwita fundi wa uuguzi: juu ya muuguzi msaidizi, chini ya muuguzi wa chuo kikuu.

Mfadhili ambaye hakutaka kutajwa alitoa dola 110,000, na mwaka 1952 jaribio la miaka mitano likaanza chini ya Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia. Vyuo saba na hospitali moja vilishiriki, vikiwemo chuo cha Weber huko Utah na chuo cha Orange County, jimbo la New York.

Badiliko kubwa lilionekana kitandani kwa mgonjwa. Mwanafunzi hakupewa tena wadi nzima aihudumie. Kama wiki hiyo darasa linasoma kuhusu moyo, mwalimu alimchagulia mgonjwa mmoja au wawili wenye maradhi hayo. Mwanafunzi alipima mapigo, alimwogesha, aliangalia miguu iliyovimba, kisha alikutana na wenzake na mwalimu kujadili alichokiona. Sasa hospitali ilikuwa mahali pa kujifunza. Jioni alirudi kwake.

Kurudi nyumbani kulifungua mlango kwa watu wengine kabisa. Wake za watu walijiandikisha, pia kina mama wenye watoto, wanaume, na watu wazima ambao bweni la hospitali lisingewapokea.

Kisha ukaja mtihani wa leseni, nao ulikuwa mmoja kwa wote. Wahitimu wa miaka miwili waliufanya na kufaulu vizuri, wakasajiliwa kama wauguzi kamili. Ngazi ya fundi aliyoifikiria Montag ikapotea pale pale. Taasisi ya Kellogg ilitoa fedha za kueneza mpango huo katika majimbo ya California, Florida, New York na Texas, na vyuo vikaongezeka kwa mamia.

Mwaka 1965 chama cha wauguzi wa Marekani kilitamka kwamba muuguzi wa kitaalamu awe na shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Wengi waliosoma miaka miwili waliumizwa na kauli hiyo. North Dakota iliiweka katika kanuni zake mwaka 1987, ikaiondoa mwaka 2003. New York ilichagua njia ya kati kwa sheria ya mwaka 2017: wauguzi wapya waanze kazi na elimu waliyonayo, lakini wapate shahada ya kwanza ndani ya miaka kumi.

Mjadala ukiendelea, madarasa yanajaa. Miongoni mwa wanaokaa humo ni Wakenya na Watanzania waliohamia Marekani. Wapo walioanza kwa kuhudumia wazee katika nyumba za matunzo, wakitoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja kwenye somo la anatomia. Miaka hiyo miwili, ukiongeza masomo ya sayansi yanayotangulia, huweza kufika mitatu au minne. Siku ya mtihani wanakaa mbele ya kompyuta na kujibu mtihani ule ule anaoufanya mhitimu wa chuo kikuu.