Mtambuka, Nafsi, Sonona

Neno mtambuka wengi tumelizoea kutoka warshani: masuala mtambuka, yaani yanayogusa kila sekta. Vyuo vikuu navyo vinalitumia kuyaita masomo yanayovuka taaluma, kama pale mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaposoma fasihi, falsafa na saikolojia kwa pamoja. Nalipenda kwa ajili ya kitenzi chake. Kutambuka ni kuinua mguu ukapita juu ya mtaro au kizingiti. Mtaro unabaki palepale; aliyehama ni mtu. Wapo wanaochagua changamano, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji bado kuuona ukingo anaouvuka.

Taaluma zenyewe zina majina jirani. Insia, linalobebwa na baadhi ya ndaki zetu, limetokana na insi, binadamu. Saikolojia ina Kigiriki cha nafsi ndani yake, ndiyo maana wengine huiita elimunafsi. Na ilizaliwa katika nyumba ya falsafa: Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, alikuwa profesa wa falsafa, na kati ya 1900 na 1920 alitoa juzuu 10 kuhusu lugha, visasili na mila.

Nafsi ndilo neno ninalomtakia mwanafunzi huyo akae nalo muda mrefu. Kwenye isimu ni ya kwanza, ya pili na ya tatu: mimi, wewe, yeye. Kwenye uhakiki kuna mgogoro wa nafsi na uzungumzinafsi. Kwenye mawaidha, Mwislamu huhimizwa kupigana na nafsi yake. Mwalimu wa saikolojia anapoandika ubaoni “dhana ya nafsi”, wanafunzi wake wanazisikia maana hizo zote kwa mkupuo, na ni vema ajue.

Wasiwasi nalo lina safari. Katika Kiarabu ni mnong’ono wa Shetani moyoni, na Waarabu wa leo wanalitumia hata kuutaja ugonjwa wa mtu anayenawa mikono tena na tena asiridhike. Sisi tumelilegeza hadi likawa hofu ya mtihani. Wazimu lina nasaba na mzimu. Anayesema fulani ana wazimu anatamka, bila kukusudia, nadharia nzima ya wahenga kuhusu chanzo cha maradhi. Daktari asiyelijua hilo ataelewa nusu tu ya anayoambiwa na ndugu wa mgonjwa.

Ndiyo maana sonona imenifurahisha kuliko istilahi nyingi mpya. Waliolichagua kuitaja hali ambayo wengine huiita dipresheni walikwenda kwenye neno lenye ndugu yake hai, sononeka, linalosemwa kwa mtu aliyeumia moyoni kimyakimya. Mama mzazi akilisikia kliniki, haanzii sifuri.

Kozi mtambuka ya fasihi, falsafa na saikolojia ningeipa Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1974, isomwe na madarasa mawili katika wiki moja. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anaishia kujiua. Wa falsafa watauliza maisha yana maana gani. Wa saikolojia watauliza nani aliyekuwa karibu naye na angeona dalili zipi. Kisha wakae pamoja waorodheshe kila neno ambalo Kazimoto analitumia kuieleza hali yake mwenyewe, kabla hawajafungua kitabu chochote cha istilahi.