Ziwa Rukwa na Chumvi ya Ma'rib

Msafiri akitoka Tunduma na kuteremka hadi bonde la Kamsamba hulikuta Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Maji yake hupanda na kushuka, na katika karne iliyopita sehemu kubwa iliwahi kukauka. Leo mikoa ya Songwe, Rukwa na Katavi inalishirikiana.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inamtaka mvuvi awe na leseni, na wanavijiji wa mwaloni waunde vikundi vya kulinda rasilimali (BMU). Ni jambo jema. Lakini leseni haigawi samaki. Tajiri mwenye maboti na nyavu nyingi hulipa ada, maskini mwenye mtumbwi mmoja naye hulipa, kisha wote huingia ziwa moja. Tukiri kwamba sisi wenyewe tuliwahi kudhani huo ndio uadilifu.

Maulamaa wameacha mifano miwili. Abyadh bin Hammal (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) chumvi ya Ma'rib, akapewa. Sahaba mmoja akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, kila afikaye huchota. Mtume (s.a.w.) akairejesha. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, na al-Mawardi (aliyefariki 450 H) anasema madini ya dhahiri hayamilikishwi mtu. Samaki wa ziwani, kwa mtazamo wetu, wako karibu zaidi na chumvi ile kuliko na shamba lililofufuliwa.

Basi je, mtawala asizuie chochote? La. Sayyidna Umar (r.a.) aliweka hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, akamsimamisha Hunayy juu yake. Katika Bukhari tunasoma kuwa alimwamuru awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.). Hao wawili, mifugo ikifa, wana mitende na mashamba. Maskini akifilisika atamjia Khalifa na watoto wake, na kumpa majani ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha za Baitul Mal.

Tazama alivyopima: hakuuliza nani amelipa, aliuliza nani hana pa kurudi. Kokoro linalokomba vifaranga lizuiwe kwa wote, kwani hiyo ni dhara. Lakini ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, mwenye boti atangoja kwa akiba yake. Mwenye mtumbwi atakula nini miezi hiyo? Swali hilo maimamu wa Kamsamba wana haki ya kulipeleka kwenye kikao cha BMU kabla tarehe ya kufunga haijapangwa.

Wallahu a'alam.