Udongo wa Ulaya Juu ya Kilima cha Wazo: Kanuni za Ujenzi Zisizoijua Ardhi Yake

Kila kanuni ya ujenzi hujibu swali fulani, hata kama swali lenyewe halikuandikwa popote. Ukisoma vifungu vyake kwa makini utaona mtunzi alikuwa anaogopa nini: moto, kipindupindu, jirani asiyemtaka, au tetemeko. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kanuni zilizoijenga Dar es Salaam zilianza kwa kujibu swali la nani akae wapi, kisha zikajibu swali la nyumba ionekane ya kisasa kiasi gani. Swali la tatu, yaani ardhi hii na anga hili vinaweza kuifanya nini nyumba hii, tumeliacha bila jibu kamili kwa zaidi ya karne moja. Gharama ya kuliacha imelipwa na watu walewale ambao kanuni hizo hazikuwahi kuwahesabu.

Ninaishi Wazo, na hapa ni mahali pazuri pa kulitafakari jambo hili. Kilima chetu ni cha mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, na kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji hapa mwaka 1966. Sehemu kubwa ya jiji mnaloliona leo imetoka katika machimbo haya. Hata hivyo, tembea kutoka kilimani kuteremka kuelekea Tegeta utakuta nyumba zilizojengwa ndani ya njia za maji, kuta za tofali zilizofyatuliwa kwa saruji ya kuhesabu vijiko, na misingi iliyobaki uchi baada ya masika mawili matatu. Tunaishi kando ya saruji, lakini elimu ya kuitumia haijatufikia kwa usawa.

Tuanze na Wajerumani. Mwaka 1891, Dar es Salaam ilipofanywa makao makuu ya koloni, walitunga amri ya ujenzi iliyogawa mji kwa aina za majengo. Upande wa bahari, palipo na upepo mwanana, pakatengwa kwa nyumba za mtindo wa Kizungu. Waingereza waliurithi mpango huo na mwaka 1924 wakaugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza kwa nyumba za Kizungu, ya pili kwa makazi na biashara, ambako wengi walikuwa Wahindi, na ya tatu kwa nyumba za kienyeji, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya kanda ya pili na ya tatu ukaachwa uwanja mtupu, ambao leo tunauita Mnazi Mmoja.

Angalieni ujanja uliomo humo. Sheria haikusema wazi kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa Oyster Bay. Ilitaja aina ya nyumba, nayo aina ya nyumba ikafanya kazi ya rangi. Kanuni za Ujenzi za Miji za mwaka 1930, ambazo ziliendelea kurejewa muda mrefu baada ya uhuru, zilikuja juu ya msingi huo. Ndani yake kuna mambo ya maana kuhusu hewa, mwanga, vyoo na moto. Lakini nyumba ya miti na udongo ilibaki katika fungu lake la kuvumiliwa. Serikali haikuona sababu ya kuuliza namna gani nyumba ile ingeweza kuimarishwa, kwa kuwa haikuihesabu kuwa jengo lenye haki ya kudumu. Hapo ndipo lilipozaliwa pengo ninalolizungumzia.

Sitaki nieleweke kwamba wazee wetu wa pwani walijua kila kitu. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma na baraza mbele ilikuwa na akili nyingi kuhusu joto. Paa la makuti lilipitisha hewa, na baraza ilikinga ukuta dhidi ya jua na mvua ya kusukumwa na upepo. Nyumba za mawe za Unguja na Bagamoyo zilitumia matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Lakini mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na kuvunja nyumba, na Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi na kuua watu. Ujuzi wa kienyeji ulikuwa jibu kwa hali ya kila siku. Hatari inayokuja mara moja katika maisha ya babu na mjukuu huhitaji kumbukumbu iliyoandikwa, na kuandika kumbukumbu hiyo ni kazi ya dola.

Je, dola ya uhuru iliifanya kazi hiyo? Ilijaribu, na haki yake ipewe. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na likaanza kubomoa vibanda na kujenga nyumba mpya, Magomeni ikiwa mfano unaojulikana sana. Mwaka 1971 kikaanzishwa kitengo cha utafiti wa majengo, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Wakala huo umefanya kazi ya thamani juu ya matofali ya udongo yanayofungamana, vigae na nyumba za gharama nafuu. Mwalimu Nyerere naye, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamikia namna tulivyoitegemea saruji na bati, akaiita saruji udongo wa Ulaya. Wakati huo udongo huo ulikuwa umekwisha kuchimbwa Wazo kwa miaka kumi na moja.

Lawama ile ya Mwalimu ilikuwa na ukweli, ila iliacha nusu ya jambo. Mwananchi aliyekataa tofali la udongo hakuwa mjinga. Alikuwa ameishi chini ya sheria iliyomwambia kwa vizazi vitatu kwamba nyumba ya udongo ni ya muda, inaweza kubomolewa bila fidia ya maana, na haimpi mwenyewe heshima ya mwenye mji. Saruji ilikuwa hati ya uraia kabla ya kuwa kifaa cha ujenzi. Kwa hiyo watu wakakimbilia saruji pasipo kupewa kanuni zake: kiasi gani cha mchanga, tofali limwagiliwe maji kwa siku ngapi, nondo zipite wapi, kenchi zifungwe vipi na ukuta.

Na mchanga ulitoka wapi? Historia ya upande wetu inajibu. Katika miongo ya 1970 na 1980 mchanga ulichotwa kwa wingi katika mito midogo ya kaskazini mwa jiji, Tegeta na Mbezi ikiwamo. Mito hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha fukwe za Kunduchi, na watafiti waliufungamanisha uchotaji huo na bahari kuila nchi kavu kwa kasi, hata mahoteli ya ufukweni yakapata hasara. Tulijenga nyumba upande mmoja na kubomoa pwani upande wa pili. Kanuni ya ujenzi inayolitazama jengo bila kutazama kifaa kimetoka wapi haioni hata nusu ya jengo hilo.

Wahandisi wetu, kwa upande wao, walirithi viwango vya Uingereza. Kwa miongo mingi zege la Tanzania limekuwa likipigiwa hesabu kwa kiwango kinachoitwa BS 8110. Ni kiwango kizuri kwa nchi yake. Hakina sura ya tetemeko, kwa sababu Waingereza hawana Bonde la Ufa. Mwaka 2010 wenyewe wakakiondoa na kuhamia viwango vya pamoja vya Ulaya, lakini kwetu vitabu na mitaala viliendelea kukitegemea. Majirani zetu wa Kenya walikaa na kanuni zao za mwaka 1968 hadi walipotunga mpya za taifa mwaka 2024.

Sasa tuitazame ardhi yenyewe. Desemba 1910 tetemeko la eneo la Rukwa lilifikia kipimo kinachokadiriwa kuwa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika katika karne ile. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa kwa kipimo cha 5.9. Kwa wataalamu hilo ni tetemeko la wastani, lakini lilivunja maelfu ya nyumba, likaua watu wasiopungua 17 na kuzifunga shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la baharini, kusini-mashariki mwa jiji letu, liliwatoa watu wa Dar es Salaam kwenye maghorofa wakiwa wamevaa walichokuwa nacho.

Anga nalo halijatusamehe. Desemba 2011 mvua iliyoleta mafuriko iliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na wakazi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande, huku huku Kinondoni. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Ile imani kwamba ukaribu wetu na ikweta ni kinga dhidi ya vimbunga ilikuwa imekanushwa Lindi tangu 1952. Tulichokosa ni mtu wa kuiandika katika kanuni ya paa.

Kwa hiyo Bukoba, Lindi na Tegeta hazihitaji nyumba moja. Bukoba inahitaji ukuta uliofungwa kwa mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima bila kukatika kwenye pembe. Lindi na Mafia zinahitaji paa lililofungwa kutoka bati hadi kenchi, kutoka kenchi hadi ukuta, kutoka ukuta hadi msingi, ili upepo usilinyanyue. Tegeta na Msimbazi zinahitaji kwanza mtu wa kusema hapa hapajengwi, na pale panapojengwa, sakafu iinuliwe na maji yaachiwe njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hesabuni ninyi wenyewe nyumba zilizomo ndani ya mita hizo, kisha mhesabu ngapi kati yake zina umeme wa serikali.

Najua pingamizi litakalotolewa, tena na watu wa upande wangu wa siasa. Watasema kanuni kali ni silaha ya kumwondoa maskini mjini, na historia niliyoieleza inawapa haki ya kushuku. Kila mara neno kiwango lilipotamkwa Dar es Salaam, tingatinga halikuwa mbali. Wengine watataja ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo la Novemba 2024, wakiuliza kanuni zimesaidia nini hata pale katikati ya mji zilipo ofisi zote.

Majibu yangu ni mawili. La kwanza, ghorofa lililoanguka mbele ya wakaguzi linatudai uwajibikaji, nao haupatikani kwa kufuta kanuni. La pili, kanuni inaweza kuandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba badala ya kuandikwa dhidi yake. Nepal, baada ya tetemeko la 1988, iliandaa kanuni za taifa mwaka 1994 ambazo ndani yake mna sehemu mahsusi kwa nyumba zinazojengwa na wenyewe bila mhandisi: vipimo vya ukuta, nafasi ya madirisha, mikanda ya kufunga, vyote kwa michoro ambayo fundi anaweza kuifuata. Utekelezaji wake ulichelewa na una kasoro, na tetemeko la 2015 liliwaumiza vibaya. Lakini walikubali ukweli ambao sisi bado tunauzunguka: walio wengi hujijengea, na kanuni isiyowahusu hao ni mapambo.

Ningependa basi wanafunzi wangu, wanaharakati na watumishi wa umma wanaosoma hapa wadai mambo matatu. Kwanza, daraja la kanuni kwa nyumba ya chini inayojengwa na fundi, lililotofautishwa kwa mikoa kufuatana na tetemeko, upepo na maji. Pili, liandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, na fundi wa Wazo hana sababu ya kusubiri mkalimani ili ajue nondo ipite wapi. Tatu, ramani ya mabonde na maeneo hatarishi ibandikwe katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, ili anayenunua kiwanja aione kabla ya kutoa fedha, na ili mwenyekiti anayegonga mhuri asije akasema hakujua.

Dai hilo la tatu linaigusa dola zaidi kuliko raia. Serikali inayouza viwanja, kutoza kodi ya jengo na kuvuta umeme hadi ukingoni mwa mto haiwezi kumgeuka mkazi siku ya mafuriko na kumwita mvamizi. Kanuni ya haki huwafunga wote wawili. Mjerumani wa 1891 alipoandika amri yake alitaka kujua aina ya mtu atakayelala ndani ya nyumba. Sisi tuna wajibu wa kuandika kanuni inayouliza iwapo mtu huyo, yeyote awaye, ataamka salama.