Uvimbe wa Taya

Kamunyonge, pale Musoma, iko ufukoni mwa Ziwa Victoria, kwenye mwinuko usiozidi sana mita 1,130 za ziwa lenyewe. Joto lipo, mvua ipo, mbu wapo. Ukivuka Mto Mara kuelekea kaskazini, ardhi inapanda taratibu hadi milima ya Tarime. Sisi tofauti hiyo huijua kwa sweta tu. Kwa madaktari wa karne iliyopita ilikuwa ushahidi, na aliyekuwa akitolewa ushahidi ni mtoto aliyevimba taya.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, Mwairishi mwenye jicho moja, aje amtazame mtoto wa kiume. Alikuwa amevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto, na meno yanachezacheza. Jipu la jino haliwezi kutokea pande nne kwa mkupuo. Burkitt alitazama, akapiga picha, na hakujua ni nini.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja. Akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine uani, uso wake vilevile. Alitoka kumpima, akapapasa na tumbo. Nalo lilikuwa na mauvimbe.

Masimulizi mengi humalizia hapo, kwenye dirisha, kana kwamba jicho moja kali liligundua ugonjwa. Mimi naona kisa chenyewe kiko kwenye majalada. Hospitali ya Mengo ilifunguliwa mwaka 1897, na kumbukumbu za mwanzilishi wake, Albert Cook, tayari zilikuwa na watoto wenye mataya ya namna hiyo. Ugonjwa ulikuwa umeonekana, ila vipande vipande: uvimbe wa taya kwa huyu, wa figo kwa yule, wa ovari au wa jicho kwa mwingine, kila kiungo na jina lake la saratani. Burkitt na wanapatholojia wa Kampala walisema huu ni ugonjwa mmoja. Makala yake ya mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza haikumshtua mtu.

Akaanza kutuma karatasi za maswali zenye picha kwenye hospitali za Afrika: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka kama kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza swali lilelile. Majibu yalichora ukanda. Karibu na ikweta, ukipanda kupita mita 1,500 hivi, ugonjwa unatoweka. Palipo na joto na mvua, na kwa hiyo malaria, upo. Mwaka 1964, kutokana na vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi kipya jijini London. Kirusi hicho kimeenea dunia nzima, hivyo peke yake hakitoshi kueleza kwa nini uvimbe umejaa huku kwetu. Shaka ikarudi kwa malaria.

Hapo Mara ikaingia. Kuanzia 1977 hadi 1982, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilishirikiana na madaktari wa Hospitali ya Shirati, ya Wamenonaiti, kugawa klorokwini kwa watoto wa chini ya miaka 10 huko Mara Kaskazini. Hoja ilikuwa nyepesi: punguza malaria, uone kama uvimbe utapungua. Ulipungua kweli. Tatizo, ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge, na malaria yenyewe, baada ya kushuka, ilipanda tena wakati ugawaji ukiendelea. Watafiti waliandika hivyohivyo, bila kulazimisha ushindi. Mimi jaribio hili nalipenda kuliko ile safari ya gari, ingawa hakuna anayelitungia hadithi.

Kinachoufanya ugonjwa huu kuwa wa dharura ni mwendo wake: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi anayeambiwa arudi baada ya mwezi, au ambaye mwanawe anang'olewa jino lililolegea kisha anapewa dawa ya jipu, amepoteza muda ambao hana wa kupoteza. Kutoka Musoma hadi Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200, na nauli hutafutwa kwanza.

Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba dawa huuyeyusha uvimbe huu kwa kasi ya kushangaza, na watoto wengine hupona kabisa. Kasi hiyo nayo ni hatari. Seli zikifa kwa wingi kwa mara moja humwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, figo zikazidiwa. Kwa hiyo, kabla ya dozi ya kwanza, mtoto hutundikiwa dripu ya maji, na mtu hukaa kitandani pake kupima mkojo.