Ngeli ya Nafula, Ngeli ya Vesna

Niliombwa mjini Kitale nipitie tafsiri ya somo la isimu, kurasa chache tu, zilizokusudiwa walimu wa Kiswahili. Mfasiri alikuwa amekwaa istilahi ile ambayo sarufi za Ulaya huitumia kuyagawa majina kuwa ya kiume, ya kike na yasiyoegemea upande wowote. Akaandika "jinsia", akaendelea na safari. Matokeo yake, ukurasa wa pili ulitangaza kwamba kwa Wajerumani kijiko kina jinsia ya kiume, uma una jinsia ya kike na kisu hakina jinsia. Mwalimu mmoja wa kutoka Bungoma aliusoma kwa sauti, akavua miwani, akauliza: "Sasa hiki kisu kimehasiwa?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa halali. Nikachukua chaki nikaandika sentensi mbili: "Nafula amefika. Wafula amefika."

Asiyezaliwa upande huu wa Mlima Elgon anafaa kuelezwa kidogo. Wabukusu, walio wengi Bungoma na waliojaa pia Trans Nzoia, humpa mtoto jina la wakati aliozaliwa. Wa mvua ni Wafula akiwa mvulana, Nafula akiwa msichana. Wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala au Nanjala, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani. Nzige walipotua shambani walizaliwa akina Wasike na Nasike. Mama aliyejifungua njiani alirudi nyumbani na Wangila au Nangila. Kiangazi, kile kipindi cha vumbi la Januari ambapo mahindi yameshavunwa na jembe limeegemezwa ukutani, huzaa Simiyu na Nasimiyu. Ukikuta orodha ya darasa Kimilili au Chwele unaweza kukisia nani alizaliwa wakati wa palizi na nani wakati wa kuvuna, japo siku hizi wengi hurithi jina la bibi au babu, hivyo kuna Nafula aliyezaliwa jua likiwaka.

Angalia herufi za mwanzo. Mara nyingi ni Wa- au We- kwa mwanamume, Na- au Ne- kwa mwanamke. Utaratibu huu hauishii Bungoma: vuka mpaka uende Buganda, pacha wa pili akiwa wa kiume ni Kato, wa kike ni Nakato. Na pwani hatukukosa. Aliyezaliwa Ijumaa ni Juma, dada yake ni Mwanajuma. "Mwana" hapa ni bibi, mwanamke wa heshima; ndivyo tunavyomwita Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858.

Sasa tuite mgeni. Vesna ni jina la wanawake wa Slovenia, Kroatia, Serbia na majirani zao. Maana yake ni majira ya kuchipua, pale theluji inapoyeyuka na miti kutoa majani. Kwa Warusi neno hilo bado ni la kila siku: vesna ndiyo majira yenyewe. Waserbia na Wakroati, kinyume chake, wana neno jingine la majira hayo, na Vesna limebaki hasa kuwa jina la mtu. Vesna na Nafula, kwa hiyo, ni watu wa rika moja: kila mmoja amebeba hali ya hewa ya kwao.

Vesna anayejulikana zaidi duniani ni Vesna Vulović, mhudumu wa ndege wa Yugoslavia. Tarehe 26 Januari 1972 ndege aliyokuwamo ilipasuka angani juu ya Chekoslovakia, ikiwa na watu 28. Akaanguka kutoka mita 10,160 bila parachuti, akapona peke yake. Kinachonivutia mimi, mtu wa majina, ni kwamba hakupaswa kuwamo. Shirika lilimchanganya na mhudumu mwingine aliyeitwa Vesna. Jina lilimpandisha ndege isiyokuwa yake. Miaka arobaini baadaye Kroatia ilikuwa na waziri wa mambo ya nje aitwaye Vesna Pusić, kuanzia 2011 hadi 2016. Huyu jina halikumfikisha pabaya.

Turudi ubaoni. Kwa Kiserbia, Vesna akifika, husemwa "Vesna je došla". Mwanamume, tuseme Goran, akifika, "Goran je došao". Kitenzi chenyewe kimebadilika. Sifa nazo hubadilika, na neno la "yule" pia. Mtu akisikiliza nyuma ya mlango bila kulisikia jina, kitenzi kitamwambia aliyefika ni mke au mume. Kwetu, Nafula amefika na Wafula amefika. Kitenzi hakijui tofauti wala hakijali. Kibukusu ni hivyo hivyo. Hiyo Na- hukaa kichwani mwa jina ikanyamaza. Haiamrishi neno lingine lolote katika sentensi.

Je, ni ile a ya mwisho wa Vesna inayotoa amri? Hapana. Nikola nalo huishia kwa a, na Nikola Tesla alikuwa mwanamume, Mserbia. Akifika yeye husemwa "Nikola je došao", kama Goran. Kiishio ni dalili. Kinachohukumu ni upatanisho wa kisarufi. Nasi tunazo dalili za kudanganya. Ababu Namwamba, aliyekuwa waziri wa michezo, ni mwanamume mwenye Na- katika jina lake la pili. Anne Nasimiyu-Wasike, mtawa na mwanateolojia, alibeba Na- na Wa- zikiwa zimeunganishwa kwa kistari kimoja, wala sentensi zilizomtaja hazikuyumba.

Hapo ndipo neno "jinsia" linapovunjika miguu. Linataja mtu: mke au mume. Istilahi tuliyokuwa tukiitafuta inataja kundi la majina, kundi linalojulikana kwa jinsi maneno mengine yanavyojipatanisha nalo. Mwanaisimu wa Marekani Charles Hockett aliiweka wazi mwaka 1958: makundi haya huonekana katika mwenendo wa maneno yanayoandamana na jina. Mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi Kenya akisomewa maelezo hayo atanyoosha mkono: mwalimu, hiyo si ngeli? Ki-su ki-meanguka, vi-su vi-meanguka. Ndiyo, ni ngeli. Kijerumani kina tatu, Kiserbia tatu. Sisi tunazo nyingi zaidi, na hatukujipa kazi ya kukitafutia kijiko mume.

Asili ya maneno inatuunga mkono. Istilahi ya Ulaya imetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya aina tu. "Jinsi" yetu ilikuja na Kiarabu, nacho kilikuwa kimeichukua kwa Wagiriki. Maana ya mwanzo ni hiyo hiyo, aina. Na "ngeli", vitabu vyetu husema, ni neno la Kihaya, maana yake aina. Maneno matatu kutoka pembe tatu, yote yakitaja kitu kimoja. Kama "jinsi" ingebaki na maana hiyo nisingegombana na mtu. Lakini leo Tanzania hutumia jinsi kwa maumbile ya mke na mume, na jinsia kwa mgawanyo wa kijamii. Kenya jinsia hubeba yote mawili. Viti hivyo vimekaliwa. Cha ngeli kiko wazi, na mwenye kukijua ni kila mtoto wa shule.

Kuna walimu watakaopinga wakisema kwamba ngeli ni ya lugha za Kibantu peke yake. Siioni sababu. Hatuna nomino za Kibantu na majina ya Kijerumani. Ni nomino zote. Na mwanafunzi atakayejifunza Kirusi siku moja ataanza na kitu anachokifahamu.

Na ile Na- ya Nafula tuiite nini? Kiambishi cha jinsia, na hapo jinsia iko mahali pake, kwa maana inamtaja mtu. Nafula ni wa jinsia ya kike, ngeli ya A-WA, pamoja na Wafula, pamoja na Goran akitembelea Kitale. Vesna kwao yumo katika jinsia ya kike na ngeli ya kike pia. Akishuka kwenye matatu hapa Kitale, jinsia anabaki nayo, ngeli anaibadilisha: Vesna amefika.

Tafsiri ile tuliirekebisha siku hiyo hiyo. Kijiko sasa kiko katika ngeli ya kwanza ya Kijerumani, uma ngeli ya pili, na kisu ngeli ya tatu.