Upinde wa Umau: Vile Utajifunza Kupiga Shabaha Kitui na Makueni Bila Kugusa Bastola

Wasee wengi wakiingia kwa hii stori ya kupiga shabaha, akili inaenda kwa bastola kwanza. Ni sawa, filamu zimetulea hivyo. Lakini Kenya bastola si kitu unaamka asubuhi ukanunua. Inataka cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, uchunguzi wa polisi, sababu ya maana, na doh ndefu. Na ile idea ya kujijazia risasi nyumbani ndio usahau kabisa. Kutengeneza risasi bila kusajiliwa ni kesi, na hakimu hatacheka na wewe.

Sasa sikia. Kama ushago yenu ni Mutomo, Ikutha, Kibwezi ama Mtito Andei, kuna uwezekano kifaa cha shabaha kimeangikwa nyuma ya mlango wa umau wako na hujawahi kukiuliza swali. Kinaitwa uta. Upinde. Umau akienda na ujuzi wake, utabaki na kipande cha mbao cha kupiga nayo picha.

Hii hapa ni rada yote: upinde wenyewe, hatari yake, vile unatunzwa, vile unapiga, na sheria inasema nini.

Ulitoka wapi

Wakamba walikuwa wawindaji na wafanyabiashara wa pembe za ndovu kabla reli haijafika. Mwaka wa 1849 mmishonari Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyekuwa akituma misafara hadi Mombasa. Ni kutoka huko Krapf aliona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba. Hizo pembe zilipatikana kwa mishale, si kwa risasi.

Upinde wa Kikamba ni mti mmoja tu, umechongwa mnene katikati na mwembamba kwenda nchani. Mulawa ni kati ya miti inayopendwa kwa hii kazi, kwa sababu unapinda bila kuvunjika. Mishale inakaa kwa thiaka, ile podo ya kuvaa begani. Zamani kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe. Mnyama akianguka mbali, hakuna kubishana: alama inasema nani alipiga.

Upande wa Tsavo walikuwepo pia Waata, wenye pinde ndefu ngumu kuvuta kuliko za Wakamba. Mkamba hakuhitaji nguvu hizo zote. Yeye alitegemea kukaribia, kulenga, na sumu.

Kwanza kabisa: usiguse mishale ya zamani

Hapa usiruke. Sumu ya mishale inatoka kwa mti unaoitwa kivai. Ndani yake kuna ouabaini, kemikali inayovuruga mapigo ya moyo mpaka unasimama. Inaingia kupitia damu, kwa hivyo mkwaruzo mdogo unatosha kukuweka pabaya. Na haiishi nguvu haraka. Ikikaa pakavu inaweza kubaki kali kwa miaka mingi. Ndiyo maana wazee walifunga kichwa cha mshale kwa kangozi kembamba: kulinda sumu isikauke na kulinda mtu asijikate.

Kwa hivyo ukipata thiaka ya zamani, usivute mshale ndio upige selfi. Usikwaruze ile kitu nyeusi ujue ni nini. Usiache watoto wacheze nayo. Muite mwenye nayo aishughulikie. Kama mwenyewe alishafariki, mwambie chifu ama watu wa KWS. Na mtu akijikata, hakuna kungoja aone kama atapata nafuu. Hospitali saa hiyo hiyo, na useme wazi ni mshale wa sumu.

Mishale yako ya mazoezi iwe mipya, ya kwako, na haijawahi kuonja sumu.

Kutunza upinde

Upinde unakufa kwa njia tatu, na zote unaweza kuzuia.

Ya kwanza ni kuachwa umefungwa uzi usiku kucha. Mbao inazoea kupinda na nguvu inaisha. Ukimaliza kupiga, legeza uzi.

Ya pili ni jua na maji. Joto la Kibwezi linakausha mbao mpaka inapasuka, nayo mvua inailainisha. Uweke ndani, kwa kivuli, ukiwa umelala ama umeangikwa. Usiuegemeze kwa ukuta, utapinda upande mmoja.

Ya tatu ndiyo inaua wengi: kuvuta na kuachilia bila mshale. Nguvu iliyokuwa iende na mshale inarudi kwa mbao, na mbao inavunjika. Beshte yako akiomba "nijaribu tu kuvuta", mwambie arudishe uzi polepole.

Uzi wenyewe upake nta ya nyuki. Kitui ni nchi ya asali, hiyo nta haitakusumbua kupata. Ukiona nyuzi zimeanza kutoka manyoya, badilisha kabla haujakatika usoni pako.

Mishale: hapa ndipo wengi wanachoma

Msee anaweza kuwa na upinde wa maana na bado akose gunia mita 10, kwa sababu kila mshale wake ni wa aina yake. Unataka mishale sita inayofanana: urefu mmoja, unene mmoja, uzito karibu sawa. Tumia mizani ndogo ya jikoni, utashangaa vile inatofautiana.

Manyoya matatu ya kuku yanatosha, lakini yote yatoke bawa la upande mmoja. Ukichanganya la kushoto na la kulia, mshale hautazunguka vizuri hewani.

Kabla ya kila zamu, shika mshale ncha zote mbili, upinde kidogo huku ukiuzungusha karibu na sikio. Ukisikia mlio ama ukiona ufa, uvunje utupe. Mshale wenye ufa unaweza kupasukia mkononi ukiachilia.

Kupiga sasa

Anza na upinde mwepesi, wa kuvuta kama kilo 9 hadi 12. Wanaume wa Olimpiki wengi wanavuta kilo 20 na zaidi, lakini walifika huko polepole. Ukitetemeka ukivuta, huo si wako bado.

Jua jicho lako. Tengeneza tundu dogo kwa viganja, angalia tangi la maji lililo mbali, kisha funga jicho moja moja. Jicho linalobaki likiona tangi ndilo la kulengea.

Simama ubavu kwa shabaha, miguu upana wa mabega. Mkono wa upinde usiukabe. Uache ukae kiganjani. Vuta kwa misuli ya mgongo, si ya mkono peke yake. Kila mara kidole cha shahada kiguse pahali pamoja, kona ya mdomo. Hapo ndipo siri iko. Kidole kikihama sentimita moja, mshale unahama zaidi ya hiyo mbali huko. Achilia kwa kulegeza vidole, usinyakue. Halafu baki hivyo hivyo mpaka usikie mshale umegonga.

Watu wa bastola wanafundishwa karibu hayo hayo: fanya kitendo kile kile kila mara, na usishtue mkono mwishoni. Kwa shindano la bastola ya upepo la mita 10, duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Huwezi kulifikia kwa nguvu.

Ratiba ya mwezi mmoja ni hii:

Wiki ya kwanza, mita 3 kutoka kwa gunia lililojazwa nyasi na matambara, ukifumba macho ukishavuta. Mishale 30 kwa siku. Unafundisha mwili, si macho.

Wiki ya pili, mita 10, macho wazi. Usihesabu alama bado.

Wiki ya tatu, angalia vile mishale inakaa pamoja. Mitatu ikiwa imekaribiana hata kama iko kando ya shabaha, uko fiti. Unarekebisha kulenga tu. Ikitawanyika juu na chini, kidole chako kinahama mdomoni. Ikitawanyika kushoto na kulia, unakaba upinde ama unanyakua uzi. Usirekebishe kwa mshale mmoja. Ngoja mitatu.

Wiki ya nne, chora shabaha ya sentimita 40, duara la kati sentimita 4. Piga mishale 30, jumla ni 300. Andika ulichopata kwa daftari na tarehe. Hiyo namba ndiyo mpinzani wako mwezi ujao.

Usalama na sheria

Nyuma ya gunia kuwe na ukingo wa udongo ama kilima, si njia ya mbuzi na watoto wa shule. Mtu mmoja awe na filimbi. Hakuna kuenda kuchukua mishale kabla kila mtu hajaweka upinde chini. Na hakuna kupiga juu hewani, hata kwa jokes. Utarudi, na hujui wapi.

Upinde hauhitaji cheti cha bunduki, lakini hiyo haimaanishi utembee nao Wote mjini ukijiskia. Kwenda na silaha hadharani kwa njia ya kutisha watu ni kosa, na kwa mkutano ama maandamano ni mbaya zaidi. Ubebe umelegezwa uzi, umefunikwa.

Na uwindaji? Hapana. Kenya ilifunga uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaadhibu hata anayewinda nyama ya kula. Ukipatikana ndani ya Tsavo na upinde bila ruhusa, huna hadithi ya kujitetea. Mei 2014, Satao, mmoja wa ndovu wenye pembe kubwa zaidi Kenya, aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu. Vijana wa mpakani wanajua vile hiyo stori huisha: pesa kidogo kwa anayepiga, nyingi kwa anayemtuma, na jela kwa anayepatikana.

Inaweza kukupeleka wapi

Rio 2016, aliyebeba bendera ya Kenya kwa ufunguzi hakuwa mkimbiaji. Alikuwa mpiga upinde, Shehzana Anwar, bingwa wa Afrika mwaka huo. Olimpiki wanapiga mita 70, shabaha ya sentimita 122, mishale 72 kwa raundi ya kupanga nafasi, na alama za juu kabisa ni 720.

Upinde wa mulawa hautakufikisha huko. Utahitaji wa kisasa, kocha na klabu. Lakini mgongo, vidole na utulivu ni vile vile, na hivyo unaweza kuanza kuvitengeneza kwa gunia la nyasi.

Kwa hivyo ukipanda gari Machakos Country Bus wikendi hii kwenda ushago, beba daftari. Muulize umau alichonga upinde wake kwa mti gani, alikata msimu gani, nani alimfundisha, na alama ya mshale wake ilikuwa ipi. Andika majibu kwa ukurasa wa kwanza. Alama zako za 300 zianze ukurasa wa pili.