Mche wa Chuma

Msichana niliyepanga naye chumba Delhi alikuwa na daftari la maneno. Kila usiku aliandika maneno 20 ya Kiingereza upande wa kushoto, maana zake za Kihindi upande wa kulia, kisha akayarudia kwa sauti ya chini huku akitikisa mguu, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi juzuu. Alitoka kijijini Bihar na alikuwa amesoma kwa Kihindi mpaka shahada ya kwanza. Alikuja mtaa wa Mukherjee Nagar, kama vijana wengine wengi, kujiandaa na mtihani wa kuingia utumishi wa serikali.

Usiku mmoja nilimuuliza anajitesea nini, maana mtihani huo unaruhusu watu kujibu kwa Kihindi tangu 1979. Akacheka.

“Didi,” akaniita, yaani dada, “umewahi kuuona mche wa chuma?”

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2011 hatua ya kwanza ya mtihani iliongezewa karatasi ya kupima ufahamu na mantiki. Vifungu vyake vilitungwa kwa Kiingereza, kisha vikatafsiriwa kwa Kihindi. Katika tafsiri hizo, maneno “steel plant”, yaani kiwanda cha chuma cha pua, yaligeuka kuwa mche wa chuma: paudha, ule unaooteshwa kitaluni. Si kwamba Kihindi kilikosa neno. Kiwanda ni karkhana, neno analolijua hata muuza mboga. Basi mtahiniwa akiwa amekaa na saa inakwenda, alilazimika kuurudisha mche ule kwenye Kiingereza ili aambulie mtungaji alikusudia nini. Yaani ilibidi ujue Kiingereza ili uelewe Kihindi chako mwenyewe!

Julai 2014 vijana waliosoma kwa Kihindi waliandamana, na Mukherjee Nagar ilichemka. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba alama za maswali ya ufahamu wa Kiingereza zisihesabiwe, na mwaka 2015 karatasi ile ikawa ya kufaulu tu, kwa asilimia 33. Daftari la mwenzangu halikupungua hata ukurasa.

Mimi nilimwelewa upesi kuliko alivyodhani. Nilimaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza na kuanza kukariri kurasa nzima za baiolojia ambazo sikuzielewa. Ukikariri neno bila kitu chake, unabaki na mlio tu.

Kamusi kubwa za mwanzo zilizokutanisha lugha hizi mbili hazikutungwa kwa ajili ya watu kama yeye. John Gilchrist, daktari wa upasuaji kutoka Uskoti, alianza kuchapisha yake Calcutta mwishoni mwa karne ya 18, na mwaka 1800 kikafunguliwa Chuo cha Fort William ili maofisa wa Kampuni ya Mashariki ya India wajifunze lugha za watu wanaowatawala. Muulizaji alikuwa Mwingereza. Mhindi alikuwa mjibuji. Mwaka 1835 Macaulay aliandika waraka wake maarufu wa kutetea elimu ya Kiingereza, na mambo yakageuka: sasa Mhindi ndiye aliyetakiwa kupanda, lakini ngazi ilikuwa imeundwa kwa miguu ya mtu mwingine.

Aliyeunda ngazi ninayoipenda mimi alitoka mbali zaidi. Camille Bulcke alizaliwa 1909 Ubelgiji, upande wa Flandria, ambako kwa miaka mingi Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa na lugha ya nyumbani ikaonekana ya washamba. Alisomea uhandisi, akajiunga na Wajesuiti, akafika India 1935. Kilichomuumiza huko alikuwa amekwisha kukiona kwao: wasomi wanaojivunia lugha ya mgeni na kuionea haya yao. Alipofanya shahada ya uzamivu Allahabad, tasnifu ilitakiwa kuandikwa kwa Kiingereza. Alishikilia Kihindi mpaka utaratibu ukabadilishwa, na mwaka 1949 akahitimu kwa utafiti kuhusu chimbuko la masimulizi ya Rama. Watu walimwita Baba Bulcke. Baba kwa Kihindi ni mzee wa heshima, babu au mtawa, kwa hiyo tusilidandie neno hilo kama letu.

Kamusi yake ya Kiingereza–Kihindi, Angrezi-Hindi Kosh, ilitoka 1968 akiwa Ranchi. Matamshi ya Kiingereza aliyaandika kwa herufi za Devanagari, ili mtoto wa kijijini aanze na herufi anazozijua. Kwangu huo ndio moyo wa kazi yake, kwa sababu mpenzi huyu wa Kihindi hakuwazuia watu Kiingereza. Aliwasogezea mlango. Ila si kila mtunga maneno alikuwa na huruma hiyo. Baadhi ya istilahi rasmi zilizochongwa kutoka Kisanskriti ni ngeni kwa Mhindi wa kawaida kama “tarakilishi” ilivyo kwetu tunaosema kompyuta.

Nakala aliyokuwa nayo mwenzangu ilikuwa ya mkono wa pili, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Mwaka ule hakuvuka hatua ya kwanza ya mtihani. Jioni ya matokeo hakula. Kesho yake alirudi na daftari jipya, akalipiga mistari nguzo tatu badala ya mbili, na ya tatu akaiandikia “sentensi”. Akaniuliza kama najua neno la kuanza nalo. Nikamwambia “plant”. Akaandika, akafikiri kidogo, kisha akaomba rula, maana maana zake hazikuenea kwenye mstari mmoja.